UZI: Mvua ikinyesha inakuwaje? Wasanifu wa Japani na maumbile

Boriti_Tatu

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye ule mjadala wa maghorofa ya vioo, mdau mmoja aliweka picha ya jengo la Tokyo lenye miti kwenye vibaraza vyake, akaandika kwamba Wajapani ndio wanaojua kujenga pamoja na maumbile. Sikujibu siku ile maana jibu lake halienei kwenye mistari miwili. Nilikaa Osaka miezi kumi na nne nikijifunza useremala wa majengo, na mpaka leo nafuatilia kazi za wasanifu wa kule kama wengine mnavyofuatilia mpira. Nitaweka vipande vipande, mchana nipo saiti.

Naanza na kinyumba kimoja tu. Kipo Sumiyoshi, Osaka, kilikamilika mwaka 1976. Aliyekichora ni Tadao Ando, mtu ambaye hakusomea usanifu chuoni. Alikuwa bondia, akajifundisha mwenyewe kwa vitabu na kwa kusafiri. Kiwanja kina upana wa mita 3.3 hivi na urefu wa mita 14 na ushee, kimebanwa na nyumba za safu za mbao kulia na kushoto. Ando akaingiza hapo katikati boksi la zege tupu. Mbele hakuna dirisha hata moja, kuna uwazi wa mlango basi. Ukiitazama kutoka barabarani utasema huyu ameupa mtaa mgongo.

Sasa ingia ndani. Nyumba imegawanywa mafungu matatu, na fungu la katikati halina paa. Ni ua, wazi hadi mawinguni. Chini, sebule ipo upande wa mbele, jiko na bafu upande wa nyuma. Juu kuna vyumba viwili vya kulala, kimoja huku na kimoja kule, vimeunganishwa na daraja jembamba lisilofunikwa. Kwa hiyo ukiamka saa nane usiku kwenda msalani na mvua inanyesha, unashika mwavuli, unavuka daraja, unashuka ngazi, humo humo ndani ya nyumba yako.

Ando alisemwa sana kwa hilo. Lakini mwaka 1979 Taasisi ya Usanifu ya Japani iliipa nyumba ile tuzo, na hoja yake hajaibadilisha: kwenye mji uliobanana namna ile, kipande kile cha mbingu ndicho maumbile pekee aliyoweza kumpa mwenye nyumba. Jua, upepo, baridi, mvua, vyote vinaingia kupitia hapo.

Kuanzia siku nilipoielewa nyumba ile nikaacha kuhesabu miti kwenye picha. Jengo lolote nikioneshwa nauliza swali moja: mvua ikinyesha inakuwaje?

Nakuja na kipande cha pili.

Mama_Shamba

Asante kaka Boriti, nimesoma mpaka mwisho. Naomba nikuulize bila ugomvi. Mimi nimekulia Muheza, jiko letu lilikuwa uani. Masika tulivuka na sufuria ya ugali mkononi, maji mpaka vifundoni, mama anapiga kelele tusiuangushe. Nilipojenga kwangu kitu cha kwanza nilichomwambia fundi ni kwamba jiko liwe ndani. Sasa mtu anatoa pesa yake, anamwajiri msanifu, halafu anajengewa ile adha niliyoikimbia, na anapewa tuzo. Hapo maumbile yamekujaje?

Nondo_16

Mama Shamba umeuliza swali langu. Mimi ni mtu wa mahesabu, naongeza: zege tupu lisilo na plasta, lisilo na kizuia joto wala baridi, kwenye mji ambao Januari joto linashuka karibu na sifuri. Hiyo nyumba kiangazi inaoka na kipupwe inagandisha.

Boriti_Tatu

Dada Mama Shamba, swali lako limenikalia moyoni tangu asubuhi.

Naanza kwa kukubali. Nondo yupo sahihi, nyumba ile ni baridi, Ando mwenyewe hafichi. Na si hiyo peke yake. Nyumba nyingi za Kijapani, za zamani na za juzi, ni baridi kupita maelezo. Mimi nililala kwenye chumba cha kupanga ambacho asubuhi ya Februari pumzi ilikuwa inaonekana kama moshi. Asili yake ni ya mbali: wahenga wao walishauri nyumba ijengwe kwa kufikiria kiangazi, maana baridi unaweza kujifunika lakini joto la unyevu huna pa kulikimbilia. Ni Aprili 2025 tu ndipo sheria ilipoanza kulazimisha kila nyumba mpya kufikia kiwango cha kutunza nishati.

Lakini tofauti yako na mwenye nyumba ya Sumiyoshi ni kwamba wewe ua ulikuta upo, na kazi yote ya kuuvuka ikaangukia mama na watoto. Yeye alikuwa na mji mzima uliojaa lami, waya na kuta, hana hata kichaka. Angeweza kufunika ile theluthi ya katikati akapata sebule kubwa isiyo na mwanga. Akachagua mwanga, na mvua ikaja nao. Wenyewe walikaa humo miongo mingi, hawakuhama. Sisemi wewe urudishe jiko uani. Nasema tu kwamba pale kuna mtu aliyeambiwa gharama mapema, akaikubali.

Boriti_Tatu

KIPANDE CHA PILI. Upenu.

Ili mjue Ando alivunja nini, lazima mjue kilichokuwepo kabla yake.

Japani ina majira ya mvua yanayoitwa tsuyu, Juni hadi Julai sehemu kubwa ya nchi. Mvua nyepesi isiyokatika, joto, nguo hazikauki, kuvu inaota hadi kwenye viatu. Yakiisha hayo vinakuja vimbunga. Seremala wa kale alijibu kwa vitu vitatu: sakafu iliyoinuliwa ili upepo upite chini, kuta za milango ya kusukuma zinazoweza kuondolewa zote, na paa zito lenye upenu mrefu sana. Chini ya upenu huo kuna sakafu nyembamba ya mbao iitwayo engawa, si ndani wala si nje.

Mtu wa Pwani engawa ataielewa haraka, maana anaijua baraza. Ila ukikaa barazani unatazama njia, unasalimiwa, unasalimu. Ukikaa engawa unatazama bustani, umeipa njia kisogo. Nimekaa kwenye engawa ya nyumba ya mwalimu wangu siku ya mvua. Maji yanashuka kutoka ukingo wa paa kama pazia, umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka magotini kwangu, na mbao niliyokalia ilikuwa kavu kabisa. Chini, pale maji yanapoangukia, wameweka mstari wa kokoto ili udongo usiruke. Yule mzee alinionesha kokoto zile kabla ya kunionesha maungio yoyote ya mbao.

Ndiyo maana namsoma sana Kengo Kuma. Amezaliwa Yokohama 1954, na kazi yake kubwa ni kujaribu kuurudisha upenu na mbao kwenye majengo makubwa baada ya zege kutawala. Kazi yake ya 1994 kule Ehime ni ya kushangaza: kilele cha mlima kilikuwa kimeshasawazishwa kwa mashine ili watu wapate pa kutazamia bahari. Wateja walitaka mnara. Yeye akarudisha udongo, akapanda miti tena, akalificha jukwaa la kutazamia ndani ya mlima kama mpasuko. Ukiwa mbali huoni jengo, unaona mlima.

Halafu kuna jumba la makumbusho la Bato, Tochigi, la mwaka 2000, linalohifadhi michoro ya Hiroshige. Hiroshige alikuwa bingwa wa karne ya 19 wa kuchora mvua kwa mistari myembamba iliyonyooka. Kuma akalifunika jengo lote, kuta na paa, kwa vipande vyembamba vya mbao za sugi, yaani mwerezi wa Kijapani, kutoka milima ya jirani. Mwanga unapita katikati yake kama mvua ya kwenye michoro. Miaka ya mwanzo nilikuwa na picha yake ukutani kwangu.

Mwaka 2024 picha mpya zikasambaa. Vipande vya juu ya paa vimeoza, vimekuwa vyeusi, vingine vimeanguka. Mji ni mdogo, na ukarabati ukawa wa kuhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya yeni.

Nondo_16

Hapo sasa. Mbao zilizolala kifudifudi juu ya paa, zinapigwa na mvua na theluji miaka 24. Ulitegemea nini?

Boriti_Tatu

Nondo, iliniuma na sitaki kumtetea. Mvua ya Hiroshige iliyochorwa ilikaribishwa, mvua yenyewe ikasahauliwa. Seremala yeyote wa zamani angekwambia mbao haiwekwi uso kwa uso na mbingu. Inawekwa chini ya upenu, au inawekwa kwa makubaliano kwamba itabadilishwa.

Hilo la kubadilisha ndilo jambo lenyewe. Hekalu la Ise linajengwa upya kila baada ya miaka 20, mbao mpya za hinoki (mti mwingine wa kule), kwenye kiwanja cha pili kilicho pembeni ya lile la zamani. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ya 62. Inayofuata ni 2033. Toka 1923 wana mpango wa miaka 200 wa kupanda hinoki kwenye msitu wao wenyewe ili huko mbele wasitegemee miti ya mbali. Yaani anayepanda leo anampandia seremala ambaye babu yake hajazaliwa. Pale kuoza kumewekwa kwenye bajeti, kwenye kalenda na msituni. Bato kulikuwa na mbao bila kalenda.

Na Kuma nadhani alijifunza. Tazameni Uwanja wa Taifa wa Tokyo uliokamilika 2019. Upenu umepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na mbao zimewekwa upande wa chini wa upenu, mvua haizifikii kirahisi. Zimetoka mikoa yote 47 ya Japani. Na kipimo chake kinamfurahisha fundi: wamechukua mbao ya sentimita 10.5, ambayo ndiyo nguzo ya kawaida ya nyumba kule, wakaipasua vipande vitatu. Kipande kikiharibika, duka lolote la mbao la mtaani lina cha kubadilishia.

Kijiti_cha_Kibiriti

Fundi, samahani kwa kukukatisha. Kutumia mbao nyingi hivyo si ndiyo kukata misitu? Huku kwetu tunaambiwa tuache kukata.

Boriti_Tatu

Swali zuri, na jibu lake kwa Japani ni tofauti na unavyotegemea. Karibu theluthi mbili ya nchi ile ni misitu. Asilimia 40 hivi ya misitu hiyo imepandwa na watu, hasa baada ya vita kuu, sugi na hinoki mistari kwa mistari, kwa ajili ya kujenga upya miji iliyoungua. Miti ilipokuwa inakua, mbao za bei rahisi kutoka nje zikaingia, wenye misitu wakaiacha. Leo milima mizima ina sugi iliyokomaa, imesongamana, chini kuna giza, hakuna majani yanayoshika udongo. Na kila majira ya machipuo inamwaga chavua inayowatoa machozi mamilioni ya watu. Mimi pia ilinipata mwaka wa kwanza, macho yalivimba hadi nikashindwa kushika patasi.

Kwa hiyo kule kukata na kutumia ndiko kuutunza msitu. Mwaka 2010 walitunga sheria ya kuhimiza majengo ya umma yatumie mbao, na 2021 wakaipanua hadi majengo ya watu binafsi. Lile duara la mbao la msanifu Sou Fujimoto kwenye Maonesho ya Dunia ya Osaka 2025, lenye mzunguko wa kilomita 2, limetoka kwenye fikra hiyo hiyo. Nalo nina la kusema: sehemu ya mbao zake zilitoka Ulaya, na maonesho yenyewe yalikuwa ya miezi sita. Maungio yake ya mhimili kupenya nguzo ni ya kale na ni mazuri, lakini nimeona chuma humo ndani. Naliheshimu, silipendi kama ninavyoupenda uwanja.

Kwa wanaoniuliza inboksi kuhusu ubao mweusi unaoonekana kwenye nyumba za msanifu Terunobu Fujimori: unaitwa yakisugi. Haujapakwa rangi, umechomwa. Nimefanya kwa mikono yangu. Unachukua mbao tatu ndefu, unazifunga kwa waya ziwe bomba la pembe tatu, unalisimamisha, unawasha magazeti chini. Bomba linavuta moto lenyewe kama dohani, linanguruma, na dakika chache tu miale inatokea juu. Unafungua waya, unazilaza, unamwaga maji. Uso unabaki na mkaa wenye mipasuko kama ngozi ya mamba. Mkaa hauozi na wadudu hawaupendi. Mvua ikija inaukuta ubao umeshakufa kwa juu, wa ndani ni mzima.

Boriti_Tatu

KIPANDE CHA TATU. Tone la maji.

Nimekaa na hiki siku mbili sijui nianzie wapi.

Kwenye bahari ya ndani ya Seto kuna kisiwa kinaitwa Teshima. Toka mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1990 mfanyabiashara wa taka alimwaga pale taka za viwandani kinyume cha sheria, vumbi la magari yaliyosagwa, mafuta, sumu, akachoma kweupe. Wananchi, wengi wazee wavuvi na wakulima, walipambana zaidi ya miaka 20. Mwaka 2000 wakafikia makubaliano na serikali ya mkoa, na taka zikaanza kusafirishwa kwa meli kwenda kisiwa cha jirani, Naoshima, kuteketezwa. Ilipofika 2017 zilikuwa zimeondolewa zaidi ya tani laki tisa pamoja na udongo uliochafuka.

Nawaambia hivi kwa sababu watu wengi wanaonesha picha za jumba la sanaa la Teshima bila kutaja hilo, na mimi naona ni kuwanyima wale wazee haki yao.

Jumba lilifunguliwa 2010. Msanifu ni Ryue Nishizawa, msanii ni Rei Naito. Ukishuka bandarini unakodi baiskeli, unapanda kilima, unaona ngazi za mashamba ya mpunga zilizofufuliwa na wanakijiji, halafu kwenye mteremko unaona kitu cheupe kimelala kama tone lililodondoka kwenye meza. Ni gamba la zege, mita 40 kwa 60, unene wa sentimita 25, na sehemu ya juu kabisa haifiki mita 5. Ndani hakuna nguzo hata moja. Nondo, najua utauliza walimwagaje: walirundika kilima cha udongo kwa umbo hilo, wakakisawazisha, wakapanga nondo juu yake, wakamwaga zege. Lilipokomaa wakautoa udongo kwa chini. Kisiwa ambacho kilisomba uchafu kuutoa, pale kikasomba udongo safi kutengeneza chumba.

Juu kuna mianya miwili mikubwa ya duara. Haina kioo. Haina chochote isipokuwa utepe mwembamba unaoning'inia, unaokuonesha upepo.

Unavua viatu. Huruhusiwi kupiga picha, na watu wananong'ona bila kuambiwa. Mwanzoni nilidhani sakafu imemwagiwa maji kwa bahati mbaya. Nikachuchumaa. Kwenye zege kuna kitundu kidogo kama cha sindano, na pale juu yake tone linaota. Linavimba, linatetemeka, halafu linajitoa na kuanza kutambaa. Linakimbia kidogo, linasimama kana kwamba limekumbuka kitu, linakutana na lingine, yanakuwa moja na kuongeza kasi. Yote yanaelekea bondeni kwenye kidimbwi kilicho chini ya mwanya. Nilikaa hapo saa moja na nusu. Manyunyu yakaanza, yakaingia kwa mwanya, na matone ya mbinguni yakachanganyika na yale ya chini ya ardhi, sikuweza tena kuyatofautisha.

Watoto wawili walikuwa wamelala kifudifudi wanafuatilia tone lao. Bibi yao, naamini alikuwa wa kisiwani maana walinzi walimsalimia kwa kuinama sana, alikaa pembeni amefumba macho.

Mama_Shamba

Kaka, hapa nimekuelewa. Sikuwa nimekuelewa kule kwenye mwavuli.

Umoja_Goma

Jambo wote. Nasoma kutoka Goma. Boriti, utamzungumzia yule wa nyumba za karatasi? Hapa kwetu historia yake inatugusa.

Boriti_Tatu

Ndugu yangu wa Goma, nilikuwa nakuja huko. Kwanza niseme kwa kifupi kuhusu 2011, maana bila hiyo mtadhani maumbile ya Japani ni matone na bustani.

Machi 11, 2011, tetemeko na tsunami. Msanifu Toyo Ito alikuwa na jengo lake maarufu pale Sendai, maktaba ya 2001 iliyobebwa na nguzo 13 za mabomba ya chuma yaliyosokotwa kama mwani ndani ya maji. Dari za juu zilianguka, mifupa ya jengo ikasimama. Lakini yeye alikwenda kwenye kambi za waliopoteza nyumba, akaona wanakaa kwenye vyumba vya muda vilivyopangwa mistari, hakuna pa kukutana. Akaanza na wenzake kujenga vibanda walivyoviita Nyumba ya Wote. Cha Rikuzentakata kilisimamishwa kwa magogo ya sugi yaliyokufa wima baada ya mizizi yake kunywa maji ya chumvi. Miti iliyouawa na bahari ikawa nguzo za watu walionusurika na bahari hiyo hiyo. Kuna engawa, kuna jiko la kuni, basi.

Wakati huo huo serikali ikajenga kuta za zege ufukweni, karibu kilomita 400, nyingine zinapita mita 14 kwenda juu. Kuna mvuvi ambaye sasa akifungua dirisha haioni bahari inayomlisha. Siwezi kuwahukumu waliozitaka, walizika watoto. Ila ni usanifu huo huo wa Kijapani, na ndio mwingi zaidi kwa uzito wa zege kuliko kazi zote nilizozitaja hapa.

Sasa karatasi. Shigeru Ban, amezaliwa Tokyo 1957. Mwaka 1994 aliona kwenye gazeti picha za wakimbizi wa Rwanda wakitetemeka chini ya mablanketi wakati wa mvua. Akapanda ndege hadi Geneva, kwenye ofisi za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Tatizo alilolikuta lilikuwa hili: wakimbizi walipewa turubai, nguzo wakatafute wenyewe, wakakata miti. Walipopewa mabomba ya alumini badala yake, wakayauza, wakarudi kukata miti. Ban akapendekeza mabomba ya karatasi ngumu, yale yanayoviringishiwa vitambaa viwandani. Hayana bei ya kuuzwa, ni mepesi, yanabeba turubai. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa kambi ya Byumba, Rwanda.

Umoja_Goma

Asante. Mie 1994 nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Kambi zilikuwa Kibumba, Katale, Mugunga. Kila asubuhi tuliona mistari ya watu wanatoka upande wa Virunga na miti kichwani, ya kupikia na ya kusimamisha hema. Huwezi kumlaumu mtu, mvua ya huku kwetu juu ya mawe ya volkeno ni baridi. Lakini mlima tuliouona kijani ulianza kuonekana kama kichwa kilichonyolewa vibaya, na mahali pengine kovu lipo hadi leo. Mimi sijawahi kuona nyumba ya karatasi. Ila nikisikia kwamba kuna mtu mbali kule Tokyo alitazama picha ile ile akafikiria mvua NA miti kwa pamoja, namheshimu. Wengi walifikiria kimoja tu.

Kijiti_cha_Kibiriti

Huyo Ban si ndiye aliyeitwa na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, Turkana, Kenya?

Boriti_Tatu

Ndiye, 2017. Alitengeneza nyumba za mfano kwa vifaa vinavyopatikana pale pale, na fikra yake ilikuwa mkazi aweze kuitunza bila fundi wa kutoka mbali. Turkana mvua ni nadra lakini ikija inakuja kwa mafuriko, na jua ndilo linaloua kila siku. Swali langu kwa Turkana inabidi niligeuze: jua likiwaka inakuwaje?

Umoja, maneno yako kuhusu mvua na miti kwa pamoja nimeyanakili kwenye daftari langu la saiti.

Nondo_16

Fundi, nimebadilika kidogo, sijabadilika kote. Sasa nina kazi kweli. Najenga zahanati ya kijiji, ukuta wa tofali za kuchoma, kimo mita 3, paa la bati. Mchoro niliopewa una upenu wa sentimita 40. Upande wa kusi mvua inapiga ukuta mpaka plasta inabanduka kwenye majengo yote ya jirani. Wagonjwa wanasubiri nje, hakuna kibaraza. Ungefanyaje?

Boriti_Tatu

Nondo, toa hizo 40. Upande wa kusi nenda mita 1.8 na uweke nguzo, hapo chini wagonjwa wapate benchi la ukutani, zege la sentimita 45 kwenda juu, liwe na mteremko kidogo kuelekea nje. Pande nyingine mita 1 inatosha. Bati likiishia hapo usiweke mfereji kama hakuna mtu wa kuusafisha majani. Acha maji yadondoke, na pale yanapodondokea chimba mtaro wa kina cha sentimita 30, jaza kokoto. Nguzo usizizike kwenye udongo, zikalie jiwe au kizingiti cha zege kilichoinuka walau sentimita 20, mbao ipumue chini.

Nitumie mchoro na unioneshe kaskazini iko wapi. Na uliza pale kijijini, mvua kubwa huwa inaanzia upande gani, maana wazee wanajua kuliko dira.

Mama_Shamba

Na hilo benchi, Nondo, liwe pana. Wenye watoto huwa tunawalaza.